Kivuli, Maji na Saa: Kuzuia Madhara ya Joto Kali Kwenye Sherehe za Nje Kisumu

Programu inasema sherehe itaanza saa tatu asubuhi. Watoto wa densi wamefika tangu saa mbili, wamevaa sare na wamepangwa mstari. Viti vya plastiki vimejaa. Mahema mawili yamesimamishwa mbele kwa ajili ya wageni, na wanakijiji wengine wamekaa juani wakijifunika kwa leso, magazeti na viganja vya mikono. Mgeni wa heshima yuko njiani. Saa sita inafika, bado yuko njiani. Saa saba na nusu, hotuba ya nne ikiendelea, nyanya mmoja aliyeketi mstari wa nyuma anainamisha kichwa. Jirani yake anadhani amesinzia.

Huu ni mfano tu, lakini mkazi yeyote wa Kisumu aliyewahi kuhudhuria harambee, harusi, mazishi, sikukuu ya taifa au mashindano ya shule atautambua. Mara nyingi anayeanguka huhesabiwa kuwa mgonjwa tangu nyumbani, au mtu asiye na bahati. Ukweli ni kwamba madhara mengi ya joto kwenye mikusanyiko ya nje yanaweza kuzuiwa, na uamuzi mkubwa wa kuyazuia hufanywa siku kadhaa mapema, pale kamati inapoandika saa kwenye programu na kuagiza mahema na maji.

Somo hili limeandaliwa lisomwe nyumbani, kwenye kamati za sherehe, vyama vya akina mama, makanisa, misikiti na shule. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

Msimu wa joto wa Kisumu

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana halibadiliki sana mwaka mzima, lakini kipindi cha Januari hadi Machi, kabla mvua ndefu hazijashika, ndicho huwa na jua kali zaidi. Katika miezi hiyo wastani wa joto la juu la mchana hufika karibu nyuzi 30 za Selsiasi, na siku kavu hupita hapo. Februari 2025, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilitoa tahadhari ya joto kali katika sehemu nyingi za nchi.

Mtu anaweza kuuliza: kama Lodwar na Garissa hupata joto kubwa zaidi ya hilo, Kisumu ina hofu gani? Kuna mambo mawili ya kuzingatia.

La kwanza ni namna joto linavyopimwa. Kipimo kinachotangazwa redioni huchukuliwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, kilichoinuliwa kutoka ardhini. Mtu aliyekaa uwanjani hayuko ndani ya kisanduku hicho. Anapata joto la hewa, anapigwa na miale ya jua, na bado anapokea joto linalorudi kutoka kwenye lami, murramu, mabati na ukuta ulio karibu naye. Kwa hiyo nyuzi 31 za redioni humlemea zaidi aliyeketi juani kuliko nambari hiyo inavyoonyesha.

La pili ni unyevu. Ziwa Victoria huongeza mvuke hewani, hasa kando ya ufuo na katika tambarare za Kano. Hewa yenye unyevu mwingi huuzuia mwili kujipoza, kama sehemu inayofuata itakavyoeleza.

Jambo jingine ambalo kamati nyingi hazilijui ni saa ya jua. Saa za Kenya zimepangwa kufuata mstari wa longitudo ulio mashariki ya Kisumu. Ndiyo maana mwezi wa Februari jua la Kisumu hufika juu kabisa ikikaribia saa saba mchana, si saa sita. Joto la hewa huendelea kupanda hata baada ya hapo. Anayepanga kazi ya uwanjani saa saba hadi saa tisa akidhani "jua limeshapinduka" anawaweka watu katika saa mbaya kuliko zote. Kwa usalama, muda wa kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri uhesabiwe kuwa muda wa kivuli.

Mwili unavyojipoza

Joto la kawaida la ndani ya mwili ni karibu nyuzi 37. Mtu anapocheza ngoma, kukimbia, kubeba vitu au hata kusimama muda mrefu juani, mwili huongezeka joto na hutumia njia mbili kubwa za kulipunguza. Kwanza, damu hupelekwa kwa wingi kwenye ngozi ili itoe joto nje. Pili, ngozi hutoa jasho. Jasho likikauka huondoka na joto.

Neno la kushika hapo ni kukauka. Jasho linalodondoka chini bila kukauka limepoteza maji ya mwili bila kuupoza. Hewa ya kando ya ziwa ikiwa na unyevu mwingi na upepo umetulia, jasho hukauka polepole. Nguo nzito za nailoni, sare za kubana, suti, kanzu mbili na vilemba vizito hufanya hali kuwa ngumu zaidi.

Damu inapokimbilia kwenye ngozi na maji yakipungua mwilini, ubongo hupata damu kidogo. Ndipo mtu aliyesimama muda mrefu kwenye gwaride au foleni huona kizunguzungu na kuzirai. Moyo nao hulazimika kupiga haraka. Kwa kijana mwenye afya, hilo ni kero ya saa moja. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, ni hatari.

Mwili huweza kuzoea joto, lakini huchukua kama wiki moja hadi mbili. Jamaa waliofika jana usiku kutoka Nairobi, mji ulio juu zaidi na wenye baridi zaidi, hawajazoea. Vivyo hivyo aliyekesha matangani, akalala saa mbili ndani ya nyumba ya mabati yenye joto, na asubuhi akaenda mazishini bila chai. Mwili wake unaanza siku ukiwa tayari umechoka.

Ngazi tatu za madhara

Madhara ya joto hupanda ngazi. Anayezijua anaweza kumkamata mgonjwa kwenye ngazi ya kwanza.

*Ngazi ya kwanza: kukakamaa misuli na kizunguzungu.* Mchezaji hushikwa na maumivu ya ghafla miguuni au tumboni. Aliyesimama muda mrefu huona giza machoni. Apumzike kivulini, anywe maji na aache mchezo au densi kwa saa kadhaa.

*Ngazi ya pili: kuchoka kwa joto.* Mtu hutokwa na jasho jingi, huumwa na kichwa, huona kichefuchefu au kutapika, hulegea, huwa na kiu kali, na mkojo wake huwa kidogo na wa rangi ya chai. Bado anajua yuko wapi na anajibu vizuri. Apelekwe kivulini mara moja, alegezwe nguo, alowanishwe, apepewe na anyweshwe maji kidogo kidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, apelekwe kituo cha afya.

*Ngazi ya tatu: kiharusi cha joto.* Hiki si kiharusi cha kupooza upande mmoja wa mwili. Ni hali ambayo mwili umeshindwa kabisa kujipoza, na joto la ndani limefika nyuzi 40 au zaidi. Ubongo, figo na ini huanza kuharibika. Mtu huchanganyikiwa, huongea maneno yasiyoeleweka, hupepesuka kama mlevi, hushikwa na mtetemeko kama wa kifafa au huzirai. Wengi hufundishwa kwamba ngozi huwa kavu. Kwa wazee mara nyingi ni hivyo. Lakini mwanariadha au mchezaji ngoma anaweza kuwa katika ngazi hii huku bado anatiririka jasho. Kwa hiyo usiangalie ngozi tu, angalia akili.

Kipimo rahisi cha akili ni maswali matatu. Jirani wa nyanya yule wa mstari wa nyuma angeweza kumgusa bega na kumwuliza:

"Dani, unajisikiaje?"

"Kichwa kinaniuma, nyathina. Na miguu haina nguvu."

"Pole, Dani. Leo ni siku gani? Hapa tuko wapi? Umekuja na nani?"

Akijibu sawasawa, yuko ngazi ya pili, na kivuli na maji vinaweza kumrudisha. Akijibu mambo mengine, au asijibu, kila dakika ina thamani.

Joto au malaria?

Katika ukanda wa ziwa, mwili wa moto huitwa malaria kabla ya jambo lingine lolote. Kosa hili lina pande mbili, na zote ni za hatari.

Upande wa kwanza ni kumfunika blanketi mtu aliyezidiwa na joto, kumpa dawa ya kupunguza homa na kumlaza ndani ya nyumba ya mabati "hadi homa ishuke." Dawa kama paracetamol hushusha homa inayoletwa na ugonjwa. Haifanyi kazi kwa joto lililoingia kutoka nje. Anachohitaji mtu huyu ni maji juu ya ngozi na upepo.

Upande wa pili ni kusema "ni jua tu" kwa mtoto mwenye malaria. Homa ya malaria huweza kuja na baridi na kutetemeka, na hupanda na kushuka hata mtu akiwa kivulini au usiku. Madhara ya joto huanza wakati au muda mfupi baada ya kukaa juani au kufanya kazi nzito. Kanuni ya usalama ni hii: kama alikuwa juani na mwili ni wa moto, mpoze kwanza, kisha apelekwe akapimwe malaria. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa apelekwe siku hiyo hiyo.

Kwenye ibada za nje na maandamano ya kidini, anayeanguka anaweza kudhaniwa ameguswa na Roho, au amepagawa. Maombi na huduma ya kwanza havigombani. Wanaoomba waendelee kuomba wakiwa wamerudi nyuma hatua tatu ili hewa ipite, huku wengine wakimpoza.

Nani aketi kivulini kwanza

Katika sherehe nyingi kivuli hugawanywa kwa vyeo. Kiafya, kinafaa kugawanywa kwa udhaifu wa mwili. Wafuatao ndio wa kwanza:

Wazee, kwa sababu kiu yao huchelewa kusikika na moyo hauwezi kuharakisha kama zamani. Watoto wachanga, ambao hawawezi kusema wala kujisogeza. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa shuka nzito hupata joto la jua pamoja na la mama yake. Wanawake wajawazito. Watu wenye ualbino, ambao ngozi yao huungua upesi. Watu wenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo. Wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, waongee na mhudumu wa afya kabla ya msimu wa joto. Wasiache dawa kwa uamuzi wao wenyewe.

Kundi moja linahitaji kutajwa kwa uzito katika kaunti hii: wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi katika eneo la Ziwa Victoria. Maji yakipungua mwilini, chembe za damu zenye umbo la mundu hukwama kwenye mishipa na kuleta maumivu makali. Mtoto mwenye selimundu anayesimamishwa juani kwa mazoezi ya densi bila maji anaweza kuishia kulazwa hospitalini. Mwalimu anayewajua watoto hao awape ruhusa ya kukaa kivulini na kunywa maji wakati wowote, bila kuwafanya wajieleze mbele ya wenzao.

Wapo pia wasioonekana kwenye orodha ya wageni: wapishi walio karibu na moto, vijana wanaosimamisha mahema, polisi na walinzi, wachuuzi na waendesha bodaboda. Zamu zao za kupumzika zipangwe kama zinavyopangwa hotuba.

Mafunzo kutoka karibu na mbali

Tarehe 18 Oktoba 2025, umati mkubwa ulijitokeza katika Uwanja wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, kumuaga Raila Odinga aliyekuwa amefariki tarehe 15 mwezi huo. Watu kadhaa walizirai au kuumia, na watoa huduma ya kwanza walikuwa na kazi nyingi. Katika siku kama ile, kinachomwangusha mtu huwa si kitu kimoja. Msongamano, huzuni, safari ya usiku, njaa, kiu na jua hushirikiana. Huwezi kuwaondolea watu huzuni, lakini maji, kivuli na njia ya kupita wahudumu hupangwa.

Nchini Sudan Kusini, Februari 2025, serikali ilifunga shule kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuanguka kwa sababu ya joto mjini Juba. Na wakati wa Hija ya Juni 2024, joto mjini Makka lilipita nyuzi 50, na zaidi ya mahujaji 1,300 walifariki. Mamlaka za Saudi Arabia zilisema wengi wao, asilimia 83, hawakuwa na vibali rasmi na walitembea mbali juani bila makazi wala mapumziko. Jua lilikuwa moja kwa wote. Waliokuwa na kivuli na waliokosa hawakupata matokeo sawa.

Kupanga sherehe: saa, kivuli, maji

*Saa.* Sheria ya Utengamano wa Umma inataka waandaaji wa mkutano wa hadhara kuarifu kituo cha polisi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla. Siku ya kuandika barua hiyo ndiyo siku nzuri ya kujiuliza kuhusu jua. Shughuli za uwanjani zianze saa moja na nusu au saa mbili asubuhi na zimalizike kabla ya saa tano. Nyingine zianze baada ya saa kumi. Mechi za shule za muhula wa kwanza zipewe mapumziko ya maji katikati ya kila kipindi. Mshereheshaji apewe mamlaka ya kuanza bila kumngoja mgeni aliyechelewa, na watoto wa densi wasipangwe uwanjani mpaka mgeni awe ameketi. Hotuba za dakika kumi zikiwa sita, ni saa moja ya jua. Kamati iamue mapema ni ngapi zinatosha.

*Kivuli.* Kivuli hutembea. Asubuhi huangukia upande wa magharibi wa hema. Alasiri huhamia mashariki. Aliyepewa kiti kizuri saa tatu anaweza kuwa juani kabisa saa nane, kwa hiyo viti vihamishwe. Hema lisizibwe pande zote. Liachwe wazi hasa upande wa ziwa, kwa kuwa mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara. Chini ya mabati mapya yasiyo na dari, joto huweza kuwa kali kama nje, hasa watu wakibanana. Mwembe, mwarobaini au siala mkubwa hushinda hema, kwa sababu majani hayaungui kama turubai na hewa hupita. Shule na kanisa linalopanda miti kuzunguka uwanja leo linajinunulia mahema ya miaka mingi.

*Maji.* Hesabu iwe rahisi. Kadiria nusu lita kwa kila mtu kwa kila saa. Watu 300 kwa saa nne ni lita 600, yaani mitungi 30 ya lita 20. Kamati ikiona idadi hiyo kwenye karatasi itaelewa kwa nini katoni chache za chupa mezani kwa wageni hazitoshi. Maji yatibiwe kwa klorini au yachemshwe, yawekwe kwenye vyombo vyenye kifuniko na bomba, na vikombe visichotwe ndani. Kisumu imewahi kupata milipuko ya kipindupindu, na maji ya ziwa hayanywewi bila kutibiwa.

Mtu anayecheza au kufanya kazi juani anywe kikombe kimoja kila dakika 20 hivi, bila kungoja kiu. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi kupita kiasi pia hudhuru. Aliyetapika au kutokwa na jasho kwa saa nyingi atafaidika na maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Uji mwepesi na matunda pia husaidia. Pombe, iwe bia, busaa au chang'aa, hukausha mwili na kuficha dalili. Aliyechanganyikiwa kwa joto hudhaniwa amelewa na kuachwa chini ya jua.

Kwa Waislamu, mfungo wa Ramadhani katika miaka hii umeangukia miezi ya Februari na Machi. Anayefunga afanye kazi nzito asubuhi mapema, apumzike kivulini mchana, na anywe maji ya kutosha kati ya futari na daku. Mwenye ugonjwa wa kudumu ashauriane na daktari na imamu wake kabla ya mfungo.

*Kona ya huduma ya kwanza.* Iwe na kivuli, mkeka, mitungi miwili ya maji ya kupoza, mabeseni, leso za kulowanisha na kitu cha kupepea. Wahudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo waalikwe mapema. Mahali penyewe patangazwe kwenye kipaza sauti, kwa Kiswahili na Dholuo, mwanzoni na kila baada ya saa moja. Njia ya gari iachwe wazi.

Mtu akianguka

Agizo la kukumbuka ni moja: mpoze kwanza, kisha mpeleke. Nusu saa ya mwanzo ndiyo yenye maana kubwa.

1. Mtu mmoja aite msaada: 999 au 112, au Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199. Wengine waanze kazi bila kungoja.

2. Mhamishe kivulini. Wanaotazama warudi nyuma.

3. Mvue kilemba, viatu, koti na nguo nzito. Leso ishikiliwe kama pazia kulinda heshima yake.

4. Mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kuacha. Kwa ngozi, maji yoyote yanafaa, hata ya ziwa. Penye ufuo wa samaki huwa na barafu: ifunge kwenye kitambaa, weka shingoni, kwapani na kwenye mapaja.

5. Akiwa macho na anajibu vizuri, anywe kidogo kidogo. Akiwa amechanganyikiwa au amezirai, usimpe kitu chochote mdomoni. Maji yanaweza kuingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu.

6. Akiacha kupumua, aliyefunzwa aanze kumsaidia kupumua na kukandamiza kifua.

7. Endelea kumlowanisha na kumpepea ndani ya gari hadi hospitalini. Aliyezirai asibebwe mshikaki kwenye bodaboda ikiwa gari lolote linapatikana.

Mambo mawili ya haraka kabla ya kufunga. Ziwa linavutia siku ya joto, lakini aliyekunywa pombe au anayeona kizunguzungu asiingie majini. Mamba, kiboko na kichocho nao wapo. Na alasiri zenye joto kali mara nyingi huishia kwa radi katika ukanda huu. Ngurumo ikisikika, mti uliokuwa kivuli chema huwa hatari; watu waingie kwenye jengo imara au gari.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika sherehe ya mwisho mliyoandaa, ni nani walikuwa juani kati ya saa saba na saa tisa? Walikuwa huko kwa uamuzi wa nani?

2. Hesabuni mitungi ya maji inayohitajika kwa tukio lenu lijalo. Nani ataitibu, na vikombe vitatoka wapi?

3. Nani katika kikundi chenu ana selimundu, presha au ujauzito, na mtamketisha wapi bila kumwaibisha?

4. Mgeni wa heshima akichelewa saa mbili, mshereheshaji atafanya nini?

5. Fanyeni zoezi: mmoja ajifanye amezirai, wengine wafuate hatua saba. Ilichukua dakika ngapi kabla ya maji ya kwanza kumgusa?

Sherehe ile ya mwanzo inaweza kupangwa upya. Watoto wanacheza saa mbili na nusu na kunywa uji chini ya mwembe. Wazee wako ndani ya hema la kwanza. Mgeni anafika saa sita, anasalimia kwa dakika tano, na chakula kinapakuliwa. Saa saba na nusu nyanya yuko nyumbani kwake kivulini, akiwasimulia wajukuu jinsi densi ilivyokuwa.